Gari Linalovuja Likipoa

Shemeji mtu alipopiga simu hakuuliza hali wala hakusubiri kuulizwa. "Gari linakunywa maji," alisema. "Njoo ulitengeneze, halafu umpakie mama yako humo humo uondoke naye; gari nitalifuata mwenyewe." Akakata.

Koleo alibaki ameshika simu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ungali ndani ya giaboksi ya mteja. Jina la Koleo alilipata tangu akiwa mwanafunzi gereji, kwa sababu ya vidole vyake: nati akiishika yeye hubanduka ama hukatika, haibaki pale pale. Lakini simu hiyo ilimlegeza. Aliifunga giaboksi ya watu, akanawa, akaweka vyombo vyake kwenye mfuko wa turubai, akasafiri.

Maneno yalikuwa yameshamfikia vipande vipande, kama moshi wa kwa jirani. Tangu walipomzika Babu, mama yake hali chakula na wenzake. Tangu walipomzika Babu, hakuna anayepokea kikombe kutoka mkononi mwake. Na huyo Babu hakuwa mzee. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu, mwana wa dada yake Koleo, aliyerithi jina la babu yake mzaa baba. Na kwa kuwa mama wa mtoto hawezi kumtaja mkwewe kwa jina, nyumba nzima ilimwita hivyo. Babu njoo ule. Babu vua hiyo suruali imelowa. Babu, nani amekuchokoza?

Aliugua jioni moja, na hakumaliza wiki. Hospitali walisema figo zimezima, kuna kitu amekunywa ama amekula, semeni ni nini. Hakuna aliyejua. Kitu kimoja tu kilikumbukwa: mtoto alikuwa na kikohozi, na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiishi nao chumba cha uani, alikuwa akimchemshia dawa zake. Basi. Macho yakageuka, na yakishageuka macho ya watu huwa hayarudi kirahisi.

Mume wa dada yake alikuwa anasambaza mayai madukani. Watu walimwita Trei. Zamani akikutana na Koleo lazima mmoja aanze: "Shemeji, umevunja mayai mangapi leo?" "Machache kuliko nati ulizopoteza wewe." Siku hiyo Koleo alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, ndevu zimemwota ovyo, amevaa shati aliloliweka kinyume, mishono nje.

"Umefika."

"Nimefika, shemeji. Poleni tena."

"Pole zimetosha. Gari hilo hapo."

Lilikuwa stesheni wagoni la zamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, limeegeshwa chini ya mabati yaliyotokeza ukutani, pua yake karibu inabisha hodi kwenye mlango wa jikoni. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa ya wenyewe. Koleo alilizunguka kwanza bila kuligusa.

"Fundi wa mtaani anasema silinda hedi," alisema Trei. "Anataka afungue injini nzima."

"Amelisikiliza gari, au amekusikiliza wewe?"

Siku nyingine Trei angecheka mpaka ashike mbavu. Pembe ya mdomo ilisogea kidogo, kisha ikakumbuka, ikarudi mahali pake.

"Linavuja likiwa njiani?"

"Hata tone. Nimelala chini yake likiwa linaunguruma, la moto, pakavu kabisa. Lakini likilala linadondosha, sijui wapi, na asubuhi nikifungua rejeta, maji yameshuka. Zamani mke wangu alikuwa analiongezea kila siku, sasa hana nguvu hizo. Juzi limechemka katikati ya barabara, mayai yako nyuma, watu wananipigia honi na kunitukania mama."

Neno hilo lilikuwa limempeleka pengine.

"Shemeji," alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Yule mwanamke nilimpa chumba, nikamlisha, nikamwita mama kuliko nilivyomwita wangu. Wewe sina ugomvi na wewe. Lakini aondoke leo. Akiondoka kimya, siendi polisi wala siiti ukoo. Asipoondoka, tutajua mbele. Na huyu anayekuja," akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni, alikokuwa mkewe na tumbo lake kubwa, "asimguse. Asimwone. Hata dua asimwombee."

Koleo alifungua boneti, maana kazi ndiyo lugha pekee iliyobaki kati yao.

Gari likipoteza maji, fundi mwenye haraka husema silinda hedi, kwa sababu ni neno kubwa na mwenye gari huogopa. Koleo alianza na mambo madogo. Alifungua kifuniko cha oili akatazama kwa chini: pangekuwa na uji mweupe kama maziwa, angejua maji yameingia kwenye oili. Hapakuwa na kitu. Aliliwasha, akaenda nyuma, akaukinga moshi wa ekzosi kwa kiganja. Mkavu. Alitazama ndani ya rejeta injini ikinguruma, kama kuna mapovu yanayopanda yakipasuka. Maji yalikuwa yametulia, ya kijani kibichi kama majani machanga.

"Unaweka kulanti?"

"Fundi alisema maji ya bomba yanaila injini. Nikanunua hiyo dawa ya kupoza, ghali kama marashi."

Koleo akatoa mfukoni chombo chake alichojiundia: kofia kuukuu ya rejeta, ameitoboa katikati na kuichomelea nozeli ya tyubu. Aliifunga mahali pa kofia ya gari, akaunga pampu ya baiskeli, akapiga upepo taratibu. Upepo ukiingia, maji husukumwa, na penye tundu hujisema penyewe. Alipitisha tochi kwenye mipira yote, kwenye klempu zinazoibana, chini ya rejeta, nyuma ya injini. Hakukuwa na jasho mahali popote.

"Sasa?" aliuliza Trei.

"Sasa tunaliacha lipoe. Mgonjwa huyu anaumwa akilala."

Gari la zamani halipoi upesi. Koleo alifuta mikono, akaenda uani.

Chumba cha mama yake kilikuwa zamani stoo ya trei za mayai, na harufu ya makaratasi haikuwahi kutoka. Alikuwa ameketi kitandani, kanga zake zimeshafungwa robota moja. Kando yake sahani ya chakula cha jana, imefunikwa, haijaguswa.

"Mwanangu. Umekuja kunibeba kama gunia."

"Nimekuja kutengeneza gari, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo." Akamtazama. "Umekonda. Mkeo anakulisha au anakuhesabia?"

Koleo akaisogeza ile sahani pembeni. Akakaa chini, mgongo ukutani, akamwomba amsimulie ugonjwa wa mtoto ulivyoanza. Kwa simu alikuwa amesikia mwisho tu.

"Alikuwa kama mlevi," alisema mama yake. "Haki ya Mungu, kama mlevi. Jioni ile aliingia hapa anayumba, anacheka peke yake, anaongea maneno hayaeleweki. Nikamwambia, Babu, umepitia kilabu gani? Tukacheka wote, na dada yako naye akacheka. Baadaye akatapika. Nikasema chakula hakikumkaa. Asubuhi anahema kama aliyekimbizwa, na nepi ya usiku ni kavu. Kesho yake kavu. Mtoto haendi haja ndogo, mwanangu, ujue amekwisha."

"Na dawa uliyompa?"

"Asali na limau. Chungu kile pale, nilikunywa na mimi. Nikawaambia, nyweni na nyinyi muone. Nani akubali?" Aliivuta kanga begani. "Mimi sishangai. Mtu akifiwa na mtoto hutafuta mlango wa kupiga teke. Mimi ndiye mlango nilio karibu."

Koleo aliporudi kwenye gari, injini ilikuwa imepoa kiasi cha kuweka kiganja. Alipiga upepo tena, akalala chini juu ya kipande cha boksi, akawasha tochi, akasubiri.

Tone lilikuja polepole. Lilijikusanya mbele ya injini, chini ya pampu ya maji, likaning'inia, likaanguka. Halafu la pili.

Kila pampu ya maji ina kitundu kidogo tumboni, kimewekwa makusudi: sili ya ndani, ule mpira unaozuia maji, ikichoka, maji yatokee hapo, yasiingie kwenye bearingi. Ni kama pua ya mtu, damu ikitoka puani ujue ndani kuna jambo. Sili ya gari hili ilikuwa imezeeka. Ikipata moto inavimba na kuziba, ikipoa inasinyaa na kuachia. Ndiyo maana aliyelitafuta likiwa la moto hakuona kitu. Kukizunguka kitundu kulikuwa na gamba la kijani na jeupe, gumu, limejijenga tabaka juu ya tabaka. Hilo si gamba la wiki moja. Hilo ni la miezi.

Mafundi wa umri wake wana tabia mbaya: kimiminika wasichokiamini hukigusa kwa ncha ya ulimi. Maji ya betri yanakata, mafuta ya breki ni machungu, kulanti ni tamu. Alikinga tone kwa kidole, akaligusa, akatema mate pembeni. Tamu. Tamu kama sharubati.

Hapo ndipo alipotazama alipotemea.

Sakafu ilikuwa ya saruji, na chini ya pampu palikuwa na doa bichi, dogo, la upana wa kiganja. Doa la siku chache. Pembeni pake pakavu na pasafi. Aligeuza tochi huku na huku. Gamba la miezi juu, doa la siku chache chini. Maji ya miezi hiyo yote yalikuwa yanakwenda wapi?

Alitoka chini ya gari, akaenda mlango wa jikoni. Dada yake alikuwa anachambua mchele, sinia limekaa juu ya tumbo.

"Hili gari," Koleo aliuliza, "lilivyokuwa linavuja, mlikuwa mnafanyaje?"

"Tulikuwa tunakinga, kaka. Maji yake si ghali?" Hakuinua macho kwenye mchele. "Usiku naweka beseni, asubuhi namimina kwenye chupa hiyo hapo, nalirudishia kwenye rejeta. Hata tone halikupotea. Tangu... tangu wakati ule ndiyo nimeacha. Lile beseni silitaki machoni."

"Beseni gani?"

"La Babu. Lile dogo la njano la kunawia miguu. Ndilo lililokuwa linaingia vizuri pale chini." Vidole vyake vilisimama. "Alikuwa anaipenda ile rangi, basi tu. Asubuhi kabla sijaamka ameshalifikia, anachovya kidole. Nilikuwa namchapa mkono. Nilimchapa, kaka. Sasa najiuliza nilimchapa kwa nini, kwa maji ya rangi."

Akaendelea kuchambua mchele.

Koleo alishika fremu ya mlango. Gereji aliyojifunzia kulikuwa na mbwa wa ulinzi, mkali, wote walimwogopa. Siku moja walimwaga kulanti kwenye karai wakaisahau, mbwa akailamba yote. Akaanza kuyumba, anagonga kuta, mafundi wakamcheka: ameonja gongo leo. Alikaa siku chache tu, akafa amejikunja chini ya lori. Bosi wao akasema ni hayo maji ya kijani, ni matamu, kila mnyama huyapenda.

Alirudi uani, akafunga mlango wa chumba cha mama yake nyuma yake, akamwambia yote. Alisema haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika: beseni, pampu, mbwa, ulevi. "Umeokoka, mama," alimaliza. "Nakwenda kumwambia Trei sasa hivi. Chupa bado iko jikoni. Waipeleke hospitali, watathibitisha."

Midomo ya mama yake ilikuwa inacheza, kama anayehesabu.

"Beseni nani aliliweka?"

Koleo aliutazama mlango aliokuwa ameufunga.

"Nimekuuliza. Beseni nani aliliweka pale?"

"Mama, hakujua. Hakuna aliyejua."

"Mimi sijasema alijua. Nimesema, nani aliliweka." Akashusha pumzi. "Basi kaa chini. Kaa! Unamjua dada yako? Kuku akikanyaga kifaranga, yeye alikuwa anakataa kula kutwa. Leo ana mtoto tumboni, na wa kwanza hajaoza kaburini, wewe unakwenda kumwambia amemuua kwa beseni lake la njano? Atajitia kitanzi, mwanangu. Nitazika mara mbili. Mara tatu, na huyo wa tumboni."

"Na wewe? Uitwe mchawi? Uitwe muuaji wa mjukuu wako?"

"Mimi nitalibeba jina hilo mwaka huu, pengine na mwakani. Halafu nitakufa nalo, litazikwa. Yeye atalibeba mpaka meno yamtoke. Ipi nafuu?"

"Nafuu ni ukweli, mama."

"Ukweli gani unaomfufua mtu?" Akamshika kidevu kwa vidole vyake vikavu, kama alivyomshika alipokuwa mtoto mwenye kamasi. "Wewe fundi. Tengeneza gari lisivuje. Beseni lisirudi pale. Hiyo ndiyo kazi yako. Hii nyingine ni yangu."

Alitengeneza. Trei alikwenda kuleta pampu mpya, na aliporudi nayo alikaa pale pale, anamshikia tochi, kama zamani walivyokuwa wakifanya siku za mapumziko. Koleo alimwaga maji yote kwenye dumu akalifunga, akatoa feni, akalegeza mkanda, akazifungua bolti za pampu moja moja. Moja ilikuwa imeshika kutu. Aliigonga, akaipoza, akaibembeleza. Alikwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikang'aa. Pampu mpya ilikuja bila gasketi, kwa hiyo aliweka karatasi ngumu juu ya mdomo wake, akaipigapiga kingo kwa nyundo ndogo mpaka ikajikata yenyewe kwa umbo la chuma, matundu na yote.

"Ndiyo hiyo tu iliyokuwa mbovu?" Trei aliuliza. Aliichukua pampu kuukuu, akaigeuza mkononi.

"Hiyo tu. Sili. Likipoa inaachia."

"Mimi ndiye niliyemwambia akinge, unajua? Nilisema tone lisianguke chini." Alikuwa anaongea na ile pampu. "Babu aliifanya kuwa kazi yake. Asubuhi ananiletea lile beseni kwa mikono miwili, tumbo mbele, anatembea kama amebeba taji. 'Baba, maji ya gari.' Nusu yameshamwagika kifuani mwake."

Spana ilimponyoka Koleo, ikagonga chesisi. Trei hakushtuka.

"Nikimwona mama yako, shemeji, napata pa kuyaweka. Unanielewa? Hasira ikija, najua naipeleka wapi. Nisingekuwa na pa kuipeleka..." Akaiweka pampu chini, taratibu, kama yai. "Ningekuwa nimeshajimaliza."

Koleo alikuwa amefungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alimtazama yule mtu mwenye shati lililogeuzwa, akaufunga mdomo, akaufungua tena, akasema, "Nipe ile spana kumi na mbili."

Alikaza bolti kwa mzunguko, moja huku, moja upande wa pili, pampu ikae sawasawa. Akarudisha mkanda, akarudisha feni. Kisha akajaza maji ya bomba.

"Kulanti iko kwenye chupa jikoni," alisema Trei.

"Maji matupu yatatosha."

"Si ulisikia yanaila injini?"

"Yaile."

Waliliacha liungurume, likapata moto, wakalizima, wakaliacha lipoe kabisa. Koleo alilala chini akapiga upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka mkono ukauma. Hakuna tone. Trei aliingia ndani kubadilisha nguo bila kusema asante, na Koleo hakuitaka.

Kilichobaki ni chupa. Alimwomba dada yake ampe hiyo pamoja na lile beseni, naye akavitoa, beseni kutoka darini, bila kuuliza. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya choo, akachimba shimo la kufika gotini. Alimimina chupa, akamimina dumu, akaivunja chupa kwa jembe, akalipasua na beseni, akayatupa yote humo. Alikuwa anafukia alipohisi mtu nyuma yake.

"Kaka."

Dada yake alikuwa amesimama na bahasha ya kaki mikononi. Chakula cha njiani, kwa ajili ya mama. Kumbe alikuwa anampikia. Mume wake akiwa ndani, yeye anapika kwa siri.

"Jana maji hayo yalikuwa ghali, hata tone halimwagwi," alisema. "Leo unayazika kama maiti."

"Yamechakaa. Hayafai."

"Na beseni limechakaa?" Akasogea. "Nitazame. Tangu ulipoulizia beseni hujanitazama usoni. Kaka, yale maji ni nini?"

Jembe lilikuwa zito kuliko jembe. Nyuma ya dada yake, mlango wa uani ulikuwa wazi, na mama yao alikuwa amesimama kizingitini, robota kichwani, tayari kwa safari. Alikuwa amesikia. Koleo alimwona anatazama kwanza shimo, kisha uso wa binti yake, uso ulioanza kuelewa kabla haujaambiwa.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema mama.

Hakupaza sauti, lakini alisema kwa namna ya kusikika mpaka ndani.

Trei akatokea mlangoni, shati jipya halijafungwa vifungo. "Amesema nini?"

"Nimesema mimi ndiye niliyempa." Aliteremsha robota, akaliweka chini. "Nilikuwa na chupa mbili. Moja ya asali, moja dawa ya panya niliyoichanganya mwenyewe. Macho yangu mnayajua. Usiku ule nilimnywesha siyo. Asubuhi nikaiona chupa, nikaitupa chooni, nikanyamaza. Niliogopa. Ndiyo hivyo."

"Mama, acha!" alisema Koleo.

"Nyamaza wewe! Umekuja kunifichia mambo yangu, unanizikia chupa zangu nyuma ya choo, unadhani mimi mtoto? Nimechoka kufichiwa."

Hakuna aliyesogea. Ajabu, Trei alitulia. Mabega yakashuka. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyetua mzigo. "Nilijua," alisema. Alisema mara nyingi, anarudia. "Nilijua. Nilijua. Ondoka. Mungu anakuona, ondoka."

Dada yake Koleo alitazama udongo mbichi. Kipande cha njano kilikuwa kimechungulia kwenye kifusi. Akakitazama. Akamtazama mama yake, aliyemzaa na kumnyonyesha, ambaye hata dawa ya kuua mende hakuwahi kuishika kwa sababu ilimpigisha chafya. Kulikuwa na kitambo hapo ambapo jambo lingeweza kuangukia upande wowote. Mkono wake ulikuwa tumboni.

Kisha akaenda kwa mama yake. Hakumpa ile bahasha. Aliiinua, akaipeleka mpaka kwenye uso wa bibi yule, akaigeuza, chakula kikamwagika miguuni, wali wa moto juu ya ndala.

"Hiki nacho ukakilishe panya," alisema, akaingia ndani.

Mama yake aliinama, akafuta miguu kwa ncha ya kanga, akalichukua robota.

Gari liliwaka mara moja. Koleo alilitoa kinyumenyume, akapita mlangoni bila kumwona Trei, ingawa alikuwa amesimama hapo. Waliendesha mtaa mzima, wakapita maduka ambayo Trei huyauzia mayai. Mshale wa joto ulipanda katikati, ukakaa.

"Umenifanya mwongo, mama."

"Sikukufanya mwongo. Nimekufanya bubu. Bubu hasemi uongo."

"Alijua. Umemwona. Alikiona kile kipande."

"Alikiona. Halafu akachagua." Alikuwa anatazama nje, dirishani, ngozi ya miguu imeanza kuwa nyekundu. "Mwache na alichochagua. Ataweza kulala nacho."

Kwenye njia panda Koleo aliwasha taa ya kugeukia, upande wa kurudi. Hakusema anafanya nini. Gari likasimama katikati, taa inagonga tik, tik, tik, na nyuma yao watu wakaanza kupiga honi, mmoja akatoa kichwa akauliza kama mtu amezimika humo ndani. Mama yake hakumshika mkono, hakumwomba. Alifungua robota, akatoa kanga safi, akaanza kujifunga miguu iliyoungua, kwa uangalifu, kama mtu mwenye safari ndefu.

Koleo alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akazima taa, akanyoosha.